Burse za kusomea urithi wa utamaduni: nani anaweza kuomba, na kanisa lina kazi gani

Baada ya semina moja ya vijana, binti aliyemaliza lisansi ya historia alinikaribia na swali ambalo sikulitarajia. "Baba Mchungaji, kuna burse za theolojia, za udaktari, za kilimo. Mimi nataka kusoma namna ya kutunza vitu vya zamani. Kuna mtu anayelipia masomo ya namna hiyo?" Nilimwambia nitauliza. Makala hii ni jibu lake, na kwa kuwa si yeye peke yake mwenye swali hilo katika jumuiya zetu za mashariki, naliandika hapa ili wengine nao wasome.

Jibu fupi ni ndiyo, zipo. Baadhi yake hulipa kila kitu. Lakini ni chache, wanaoziomba ni wengi kutoka dunia nzima, na vijana wetu mara nyingi hawashindwi kwa upungufu wa akili. Wanashindwa kwa sababu ya karatasi na tarehe.

Urithi gani tunaouzungumzia

Wengi wakisikia maneno "urithi wa utamaduni" wanafikiri ngoma na vinyago tu. Somo lenyewe ni pana zaidi. Kuna urithi unaoshikika kwa mkono: majengo, vyombo, vitabu, picha, makaburi, mahali palipotokea jambo. Na kuna urithi usioshikika: lugha, nyimbo, ufundi wa kusuka na kufua chuma, desturi za kupatanisha watu waliogombana. UNESCO ina mkataba wa mwaka 1972 unaolinda maeneo ya urithi wa dunia, na mwingine wa mwaka 2003 unaohusu urithi usioshikika.

Nchi yetu ina maeneo 5 katika orodha ya urithi wa dunia: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya Okapi. Yote 5 ni ya wanyama na misitu. La utamaduni hakuna hata moja. Rumba iliandikwa mwaka 2021 katika orodha ya urithi usioshikika, tukiwa pamoja na ndugu zetu wa Brazzaville, na tulifurahi. Lakini nchi kubwa kama yetu, yenye falme, makabila na lugha nyingi hivi, kukosa hata eneo moja la utamaduni katika orodha ile si kwamba haina kitu. Kuandikisha mahali kunadai faili nene: historia iliyothibitishwa, ramani, hesabu ya vitu vilivyopo, mpango wa kupatunza. Mtu lazima akae aandike hayo, na lazima awe amefundishwa.

Chukueni Ishango. Ni pale Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya Virunga. Mwaka 1950 mtaalamu wa Ubelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa mdogo wenye mistari iliyokatwa kwa mpangilio, wenye umri wa miaka kama 20,000. Wataalamu wa hesabu ulimwenguni kote wanaujadili mpaka leo: je, waliokata mistari ile walikuwa wanahesabu? Mfupa uko Brussels, katika jumba la sayansi ya viumbe. Mtoto wa shule ya Beni au Kasindi anaweza kumaliza sekondari bila kusikia kwamba kitu hicho kilitoka karibu na kwao.

Mambo yanaanza kusogea. Mwaka 2019 museo mpya ya taifa ilifunguliwa Kinshasa, iliyojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini. Mwezi wa 2 mwaka 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu kama 84,000 vilivyotoka Kongo na kuwekwa katika museo ya Tervuren. Mwezi wa 6 mwaka huohuo mfalme Philippe alikuja Kinshasa na kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu, akakiacha katika museo ya taifa kwa mkopo usio na mwisho. Vitu 84,000 kwenye orodha! Ni nani atakayekaa na orodha ile, aseme hiki kilitoka kijiji fulani, kilichukuliwa kwa njia gani, na kikirudi kitawekwa wapi bila kuliwa na wadudu? Hapo ndipo masomo ya masta tunayoyaeleza yanapohusika.

Na vitu vya kanisa je?

Hapa naomba niseme polepole, kwa maana ni jambo linalotugusa sisi wenyewe.

Makanisa yetu ya zamani yana madaftari ya ubatizo na ndoa, barua za wachungaji wa kwanza, vitabu vya nyimbo vya chapa ya kwanza, vitabu vya mikutano, picha, na karatasi za mashamba ya misheni. Vimewekwa wapi? Mara nyingi katika sanduku la bati, kwenye chumba kimoja na saruji na baiskeli mbovu. Mchwa wanakula, maji ya mvua yanaingia. Na mahali pengine hakuna sanduku tena. Uasi wa mwaka 1964 uliteketeza misheni nyingi. Vita vilivyoanza mwaka 1996 vikaendelea na kazi hiyo. Kituo cha afya cha Nyankunde, kilichokuwa fahari ya Waprotestanti wa Ituri, kilishambuliwa mwezi wa 9 mwaka 2002. Watu wengi waliuawa, na kilichojengwa kwa miaka mingi kikaporwa.

Maisha ya watu ni ya kwanza, hakuna anayebishana. Lakini karatasi nazo zina uzito wake. Jumuiya inaposimama mbele ya mahakama kwa sababu ya mpaka wa shamba la misheni, hakimu haulizi tunaimba vizuri namna gani. Anauliza hati. Mjane anapotaka kuthibitisha ndoa yake, daftari la kanisa laweza kuwa ushahidi pekee uliobaki. Hayo pia ni urithi, na kuyatunza ni kazi yenye ufundi wake: kujua unyevu unaoharibu karatasi, kupiga picha kurasa bila kuzichana, kupanga namba ili kitu kitafutwe na kipatikane.

Sehemu nyingine ya kumbukumbu zetu haiko kwetu kabisa. Karatasi za misheni ya Wabatisti wa Uingereza, waliofanya kazi Yakusu karibu na Kisangani, zimetunzwa Oxford, katika maktaba ya Angus ya Regent's Park College. Kule Bas-Congo, mmisionari wa Sweden Karl Edvard Laman aliwaomba walimu wa kanisa waandike wenyewe, kwa Kikongo, desturi na historia za watu wao. Walijaza madaftari zaidi ya 400, na madaftari yale yalisafiri kwenda Sweden. Ndiyo kusema wataalamu wa Ulaya na Marekani wamejifunza mambo ya Bakongo kwa miaka mingi kutoka katika kalamu za makatekista wa Kiprotestanti. Nilipolijua jambo hilo niliacha kufikiri kwamba masomo haya ni ya watu wasio wa kanisa.

"Mchungaji, si ndiyo kurudi kwa mizimu?"

Swali hilo wazee watauliza, na wana haki. Wakristo wetu wa kwanza walipookoka walichoma hirizi na vinyago mbele ya watu wote, na kwao ilikuwa alama ya uhuru. Hatutawacheka. Ila tuseme na upande mwingine: si vyote vilivyochomwa. Vingine vilichukuliwa na wageni, wakiwemo wamisionari, vikawekwa katika museo za Ulaya au kuuzwa. Sanamu ndogo za pembe za Walega, zilizokuwa alama za cheo katika chama cha Bwami, leo zinauzwa kwa pesa nyingi ng'ambo, huku kijana wa Mwenga au Shabunda akiwa hajawahi kuona hata moja. Tulivyokataa sisi, wengine walivipokea kwa mikono miwili.

Kujua kitu si kukiabudu. Yoshua aliagiza mawe 12 yatolewe katika Yordani ili watoto wakiuliza wapate wa kuwajibu. Paulo alipofika Athene alizunguka kwanza, akazitazama madhabahu zao kwa makini, na kutoka hapo akapata mlango wa kuhubiri. Hata hivyo nisifiche kwamba mwanafunzi Mkristo atakutana na mambo ya kumsumbua dhamiri. Anaweza kuombwa aingie katika sherehe ili aiandike. Anaweza kufundishwa na profesa anayedhani kanisa ni adui wa Afrika. Afadhali azungumze na mchungaji wake kabla ya kuondoka kuliko kuanza kujiuliza akiwa peke yake katika chumba cha wanafunzi wakati wa baridi.

Milango iliyo wazi

Sasa tuje kwenye burse zenyewe. Sitataja zote. Nataja zile ambazo Mkongomani wa mashariki anaweza kweli kuziomba.

Ya kwanza kuangalia, kwa maoni yangu, ni Chuo Kikuu cha Senghor, Aleksandria, Misri. Kilianzishwa mwaka 1990 na jamii ya nchi zinazosema Kifaransa, kwa ajili ya Waafrika. Mafundisho ni kwa Kifaransa, na kati ya matawi ya masta yake kuna usimamizi wa urithi wa utamaduni. Kuingia ni kwa mashindano: faili, mtihani, mazungumzo. Ni Afrika, lugha ni ile tuliyosomea, na wanafunzi wenzako wanatoka Benin, Kameruni, Madagaska, kwenye matatizo yanayofanana na yetu. Na Aleksandria si mji mgeni kwa msomaji wa historia ya kanisa. Athanasio alikuwa askofu pale.

Ya pili ni Erasmus Mundus, inayolipwa na Umoja wa Ulaya. Hii si chuo kimoja. Ni vyuo kadhaa vya nchi mbalimbali vinavyoungana kutoa masta moja, na mwanafunzi husoma katika nchi 2 au zaidi. Anayechaguliwa halipi karo, na hupewa euro 1,400 kila mwezi kwa miezi isiyozidi 24. Ukipiga hesabu ni euro 33,600. Zinaonekana nyingi ukiwa Butembo. Lakini ndani yake mna tiketi, viza, nyumba, chakula na koti la baridi, kwa hiyo asiahidi kumjengea mama nyumba. Asiyepata burse anaweza kukubaliwa kama mwanafunzi wa kujilipia, na hapo wengi hujidanganya: barua ya kukubaliwa na barua ya burse ni barua mbili. Soma vizuri ni ipi uliyopewa.

Katika familia hiyo ya Erasmus Mundus kuna TPTI, inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Paris 1 pamoja na Padova, Italia, na Évora, Ureno. Inahusu urithi wa ufundi na viwanda: migodi, reli, mashamba makubwa, viwanda vya zamani. Mtu wa Lubumbashi, Likasi au Kalemie aliyekulia kando ya reli na migodi ana mengi ya kupeleka pale. Anaanza na Kifaransa, ila ajiandae kujifunza Kiitaliano na Kireno. Kuna pia Choreomundus, ya ngoma na michezo kama urithi, inayofundishwa kwa Kiingereza katika vyuo vya Clermont-Ferrand, Trondheim, Szeged na London. Na kwa waliosoma kemia au jiolojia kuna ARCHMAT, ya uchunguzi wa vitu vya kale kwa njia ya maabara, kati ya Évora, Roma na Thesaloniki. Umoja wa Ulaya una orodha rasmi ya masta zote za Erasmus Mundus. Ianzie hapo, kwa maana kila programu hupewa pesa kwa kipindi tu, na iliyotoa burse mwaka huu inaweza kukosa mwakani.

Uingereza kuna Chevening, burse ya serikali yao, kwa masta ya mwaka 1, na Wakongomani wanaruhusiwa. Masharti yake ni wazi: uwe umefanya kazi saa 2,800, yaani kama miaka 2, uchague masomo 3, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka 2 angalau. Hesabu ya saa za kazi inakubali kazi ya kujitolea, kwa hiyo kijana aliyefanya kazi katika biro ya jumuiya anaweza kuzihesabu akiwa na ushahidi. Kiingereza lazima.

Vijana wengi hupoteza muda kuomba burse za Commonwealth. Kongo si mwanachama, basi pasipoti yetu haikubaliki pale. Lakini kuna jambo ambalo ndugu zetu walio kambini wanapaswa kulisikia: aliyepewa hadhi ya mkimbizi na nchi mwanachama inayokubaliwa, kama Uganda au Kenya, anaweza kuomba kupitia nchi hiyo. Walio Nakivale na Kyangwali wenye diploma za chuo kikuu waulize habari hiyo. Burse ya DAFI ya UNHCR, inayojulikana zaidi kambini, ni ya shahada ya kwanza.

Ubelgiji wa Kifaransa una burse za ARES kwa raia wa nchi kama yetu, lakini ni kwa masomo yaliyomo katika orodha yao tu; tazama kwanza kama somo lako limo. Ufaransa una burse ya Eiffel. Hiyo mwanafunzi haombi mwenyewe: chuo kinachomtaka ndicho humwombea, na kwa masta umri usipite miaka 25. Kwa jinsi miaka ya masomo inavyokatikakatika huku kwetu kwa vita na migomo, wengi hufikia umri huo wakiwa bado wanamaliza lisansi. Sielewi kwa nini sheria hiyo haiwafikirii watu wa nchi za vita, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa asiyeweza kwenda kwa miaka 2, kuna Shule ya Urithi wa Afrika ya Porto-Novo, Benin, iliyoanzishwa mwaka 1998. Imefundisha wafanyakazi wengi wa museo za Afrika kwa mafunzo mafupi. Si masta, lakini kwa mtunza hati wa jumuiya pengine ndicho kinachofaa zaidi.

Diploma gani inakubalika

Hapa ndipo mafaili mengi ya Kongo yanapokwama. Masta huomba shahada ya kwanza yenye miaka 3 au zaidi. Aliyesoma katika mfumo mpya wa LMD ana lisansi ya miaka 3, na hilo linaeleweka Ulaya. Aliye na lisansi ya zamani, miaka 3 ya graduat na 2 juu yake, yuko salama zaidi, ila ni lazima aeleze kwa maneno machache kwamba ni miaka 5. Msomaji wa ng'ambo akiona neno lisansi anadhani ni 3. Mwenye graduat peke yake aulize kabla ya kuomba.

Si lazima uwe umesoma historia. Wanakubali sosholojia, sheria, ujenzi, utalii, lugha, informatika, hata theolojia, mradi diploma itambuliwe na wizara ya elimu ya juu. Waliosoma katika vyuo vyetu vya Biblia wachunguze hilo mapema. Diploma kubwa ikichelewa, kama ilivyo kawaida, chuo kitoe hati ya kufaulu. Ongeza karatasi za pointi za kila mwaka, si za mwaka wa mwisho tu.

Pasipoti iombwe sasa, si baada ya kuchaguliwa. Kwa masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza, mtihani wa TOEFL au IELTS unalipiwa na unahitaji miezi ya maandalizi. Na kwa sisi wa Kivu kuna mzigo wa ziada: uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, na mabenki ya mji kufunga milango, kufika Kinshasa kwa ajili ya viza kukawa ni safari ya kupita nchi nyingine. Fedha ya safari hiyo haimo katika burse yoyote, kwa maana inahitajika kabla burse haijaanza kulipwa.

Barua inayosomwa hadi mwisho

Nimesoma barua za vijana wengi wakiniomba niwasahihishie. Karibu zote huanza hivi: tangu utoto wangu napenda sana utamaduni, na nikipata nafasi hii nitaisaidia nchi yangu. Anayechagua ana mamia ya barua mbele yake, na nyingi zinasema hivyohivyo.

Linganisheni na kijana anayeandika kwamba parokia yake ina madaftari ya ubatizo ya zamani, kwamba amehesabu yaliyopona na yaliyoharibika, kwamba ameanza kuyapiga picha kwa simu, amekwama kwa sababu hajui namna ya kuzuia ukungu wala namna ya kupanga picha zile, na kwamba anaomba masta hii kwa sababu muhula wa pili unafundisha jambo hilo. Huyo ameonyesha kazi aliyokwisha kuianza, kizuizi alichokutana nacho, na kwamba amesoma programu anayoiomba. Hakusema uongo hata kidogo. Na kazi yenyewe haikuhitaji pesa. Ilihitaji ruhusa ya mchungaji na siku chache za Jumamosi.

Tena wachungaji wenzangu, barua zetu za mapendekezo! Tunaandika kwamba ndugu fulani ni Mkristo mwaminifu, mwimbaji, mtoto wa mzee wa kanisa. Ni kweli, lakini kamati ya chuo haijui ifanye nini na habari hiyo. Tuandike alichofanya: aliongoza kazi gani, watu wangapi, kwa muda gani, alimaliza au hakumaliza. Na kama hatumfahamu, tukatae kuandika. Kwa kawaida barua nyingine hutakiwa itoke kwa profesa aliyemfundisha, basi asitulazimishe sisi tuwe maprofesa.

Wezi wa matumaini

Familia moja katika usharika wetu iliuza kiwanja kumlipa mtu aliyejiita wakala wa burse. Alikuwa na mihuri, alikuwa na barua yenye nembo ya chuo, na alijua kuomba kwa sauti kuliko mimi. Kijana hakuenda popote. Kiwanja hakikurudi.

Burse nilizozitaja hapa hazimtumi mtu nyumba kwa nyumba kuuza nafasi. Chevening na Erasmus Mundus hazidai pesa ya kupokea ombi la burse. Kila ombi hufanywa na mwombaji mwenyewe katika ukurasa rasmi wa chuo au wa burse, isipokuwa zile kama Eiffel ambazo chuo huomba. Anayesema "lipa leo, nafasi imebaki moja" aambiwe alete anwani rasmi, kisha kijana aandikie chuo moja kwa moja aulize kama wanamfahamu. Jibu likikawia, kiwanja kisiuzwe.

Atakaporudi

Lazima tuseme ukweli kuhusu kazi pia. Taasisi ya museo za taifa ipo tangu mwaka 1970, lakini mishahara ya serikali tunaifahamu. Nafasi ziko katika vyuo vikuu, katika hifadhi, katika mashirika, na katika kazi ya kurudisha vitu kutoka Ulaya ambayo bado ni changa. Wengine watabaki ng'ambo, na sina moyo wa kuwahukumu waliokimbia risasi. Lakini swali linatuelekea sisi pia: tunawaandalia nini? Ni jumuiya ngapi zenye chumba kikavu, kabati ya chuma na mtu mwenye ufunguo? Vyuo vyetu vya Kiprotestanti, UEA kule Bukavu na ULPGL kule Goma, vingeweza kukubaliana na jumuiya moja moja ili anayerudi apate mahali pa kufundisha nusu ya wiki na hati za kutunza nusu nyingine. Hilo haliwezi kuandikwa na mzungu yeyote katika mradi. Ni la kikao chetu cha mwaka.

Kwa upande wa parokia, kinachohitajika ni kidogo kuliko tunavyodhani: kulipia pasipoti na mtihani wa lugha kwa kijana mmoja kwa mwaka, kwa mkopo ulioandikwa, aurudishe akianza kupata burse, ili wa mwaka unaofuata apate. Vikundi vya akina mama vyenye akiba vinajua kuendesha jambo hilo kuliko sisi wachungaji.

Yule binti nilimjibu kwamba maombi ya Chevening hufunguliwa kwa kawaida mwezi wa 8 na kufungwa mwezi wa 10, na ya Erasmus Mundus mengi hufungwa kati ya mwezi wa 10 na wa 1, kwa masomo yanayoanza mwezi wa 9 unaofuata. Kiingereza chake bado ni kidogo, kwa hiyo ameamua kuanza na Senghor na TPTI. Wiki iliyopita alikuja kuomba ufunguo wa chumba cha madaftari. Ilitubidi tuutafute, mzee aliyekuwa akiutunza alihamia Uvira, na hakuna aliyekuwa ameuulizia tangu alipoondoka.